Ufundi wa Kumsimulia Mtu

Shaaban Robert angeweza kuandika maisha ya sultani. Masultani, maliwali na matajiri wa karafuu waliacha barua, hati, picha na jamaa wenye elimu wa kueleza habari zao. Mwandishi mwenye kutaka kazi nyepesi angebisha hodi kwao. Yeye alibisha hodi kwa Siti binti Saad, mwanamke wa kizazi cha watumwa aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, akaitwa Mtumwa kabla pwani nzima haijamjua kwa jina la Siti. Siti hakuacha daftari wala shajara. Wasifu wake, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1958, msingi wake ni mazungumzo ambayo Shaaban Robert aliyawahi muda mfupi kabla Siti hajafariki mwaka 1950. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu ufundi wa kuandika maisha ya watu mashuhuri huanza kabla ya sentensi ya kwanza: mwandishi huamua kwanza ni nani anayestahili kuulizwa. Maisha ya mtawala yanaweza kuandikwa vibaya na bado yakafika, kwa kuwa hati zipo. Maisha ya mfinyanzi aliyegeuka mwimbaji hayafiki kokote bila mtu wa kwenda, kuketi na kusikiliza.

Nausifu ufundi huu kwa sababu moja kubwa. Mwandishi mzuri wa maisha ya mtu hatuambii tu kwamba mtu fulani alikuwa mkubwa; anatuonyesha aliwezaje. Kusema Siti alizaliwa na kipaji ni sifa dhaifu kuliko zote, maana inafuta kwa neno moja miaka yote ya kazi. Kwao Fumba alifinyanga vyungu, akavichukua mjini kwa miguu, akavinadi kwa sauti ya kusikika mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko Ali Muhsin akamfundisha kuimba, na baadaye akashirikiana na wapigaji kama Subeit bin Ambar na Mbaruk Talsam. Taarabu aliyoikuta ilikuwa ya Kiarabu, muziki ulioota mizizi katika jumba la Sayyid Barghash. Siti akauimba kwa Kiswahili, watu wa mtaa wa Ng'ambo wakasikia mambo yao wenyewe yakipewa heshima ya udi na fidla. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice, na sauti ya mwanamke wa pwani ikaanza kusikika mbali na pale alipokuwa ameketi.

Wapo watakaosema kwamba kumtajia mtu mkubwa walimu na wenzake ni kumpunguza. Ikiwa Ali Muhsin alimfundisha, ikiwa wapigaji walikuwa mahodari, ikiwa kampuni ya santuri ilikuwa ikitafuta soko jipya Afrika Mashariki, basi Siti mwenyewe alifanya nini? Swali hilo ni la haki, na naamini ndilo linalotenganisha wasifu na kasida. Jibu lake ni kwamba hatuwezi kukiona kilicho cha mtu mpaka tumpe kila mmoja chake. Wachuuzi waliopaza sauti mjini Unguja walikuwa wengi. Waliokuwa na walimu walikuwa wengi. Kampuni ya santuri ilirekodi waimbaji wengine pia. Ukishawagawia wote hao haki yao, kinachobaki ni chake peke yake: mwanamke aliyedharauliwa kwa nasaba yake alisimama mbele ya watu waliomdharau na kuwaimbia kwa lugha ya jikoni mwao, mpaka dharau ikakosa pa kukaa. Hilo Ali Muhsin hakuweza kumfundisha. Asiyetajiwa mwalimu hata mmoja anabaki muujiza, na muujiza hauna la kumfunza msichana wa Fumba wa leo.

Hata hivyo, kazi ya Shaaban Robert haiepuki lawama, na anayeupenda ufundi huu hana budi kuisema. Shaaban Robert alikuwa na ualimu wa maadili katika damu yake. Mara kwa mara Siti wake anakuwa kielelezo cha subira, bidii na adabu, mpaka msomaji anatamani kumwona amekasirika. Nyimbo zake hazikuwa za adabu tupu. Wimbo wa Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni mjini, na jinsi mtuhumiwa alivyotoroka huku mashahidi wakiadhibiwa. Hiyo ni lawama kwa mahakama ya wakoloni, imeimbwa hadharani. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu starehe na siasa za Unguja, alizirudia nyimbo hizo kwa kuwauliza wazee waliokumbuka zilipoimbwa, na kwake Siti anatokea kama sauti ya watu wa Ng'ambo waliokuwa wakihesabu dhuluma walizofanyiwa. Je, mmoja wao kakosea? Sidhani. Shaaban Robert alimwona Siti akiwa hai, akaandika wakati ambapo mwimbaji mwanamke alihitaji kutetewa heshima yake kwanza. Fair alikuja nusu karne baadaye na swali ambalo wa kwanza hakuliuliza. Wasifu wa kwanza ulimwekea wa pili pa kuanzia, na hiyo si kazi ndogo.

Mwingine atapendekeza njia ya mkato: mtu na aandike maisha yake mwenyewe, ugomvi uishe. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alifanya hivyo. Maisha yake kwa maneno yake mwenyewe yalichapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, miaka michache kabla hajafa mwaka 1905. Ni hazina, nasema bila kusita: njia za misafara, bei za pembe, frasila, majina ya machifu, yote kwa Kiswahili kikavu cha mfanyabiashara. Anaeleza hata jinsi alivyomwaminisha Kasongo Rushie wa Utetera kwamba yeye ni mjukuu wa dada yake aliyepotea zamani, akakabidhiwa utawala. Hafichi hila ile. Anaisimulia kama biashara iliyokwenda vizuri. Lakini wapagazi na mateka wa msafara hawana sura katika simulizi yake. Wanapita kwa hesabu, kama mizigo waliyoibeba. Mwenye maisha ni shahidi mkubwa, ila hawezi kuwa shahidi, mwendesha mashtaka na hakimu kwa wakati mmoja. Kiswahili kinachosemwa leo katika miji ya Kasongo na Kindu, huko Kongo, kilifika kwa misafara kama ile, na mwandishi anayetaka kumsimulia Tippu Tip kwa ukamilifu atapaswa kuuliza huko pia, kwa wajukuu wa waliobeba.

Hapa desturi yetu inainuka na kupinga: marehemu hasemwi vibaya. Naiheshimu desturi hiyo kwenye matanga, ambapo wafiwa wanahitaji kufarijiwa. Kitabu si matanga. Anayemwandika Tippu Tip na kunyamaza juu ya watumwa hamsitiri marehemu mmoja tu; anawazika mara ya pili marehemu wengine elfu ambao hawakuachiwa hata jina. Wala haki haidai matusi. Inatosha kuweka frasila za pembe na watu waliozibeba katika ukurasa uleule, ujasiri wa mtu yule uonekane na gharama yake ionekane.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la wanaosema kwamba historia ya watu mashuhuri huwafunika watu wa kawaida, kwa hiyo afadhali iachwe. Ni kweli pale inapoandikwa vibaya. Kwa muda mrefu habari za kupigania uhuru wa Tanganyika zilisimuliwa kana kwamba Mwalimu Nyerere na wasomi wachache waliwaamsha watu waliolala. Susan Geiger, katika kitabu alichokitoa mwaka 1997 juu ya wanawake wa chama cha TANU, aliwaketisha wanawake waliokuwamo na kuwaomba wasimulie maisha yao. Kutoka kwa Bibi Titi Mohamed tunajua kwamba kabla ya siasa alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma cha Bomba, na kwamba vikundi kama hivyo vya Dar es Salaam, vyenye viongozi, fedha na nidhamu yao, ndivyo vilivyowaingiza wanawake kwa maelfu katika chama tangu mwaka 1955. Mtu mashuhuri hapo amekuwa mlango: ukimfuata Bibi Titi unawakuta wauza maandazi na waimbaji ambao hakuna hati ya serikali iliyowataja. Na yeye mwenyewe, aliyekamatwa mwaka 1969 na kuhukumiwa kwa uhaini, kisha akaachiwa mwaka 1972 na kuishi miaka mingi bila kutajwa, alirudishiwa nafasi yake kwa sehemu kubwa na kazi ya namna hiyo.

Linaloniuma ni kwamba maisha haya husimuliwa kwa Kiswahili na kuchapishwa kwa Kiingereza. Bibi Titi alizungumza Kiswahili. Anayetaka kumsoma kwa Geiger lazima ajue Kiingereza. Juzuu tatu za maisha ya Nyerere zilizoandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, zilizotoka mwaka 2020, nazo zilitoka kwa Kiingereza, ingawa waandishi wote watatu ni Watanzania na aliyeandikwa alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia za Shakespeare. Njia nyingine ilikuwapo. Sarah Mirza na Margaret Strobel walipokusanya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, waliyatoa kwa Kiingereza mwaka 1989, na mwaka 1991 wakachapisha Kiswahili chenyewe, maneno yalivyotamkwa. Mjukuu wa mmoja wa wanawake wale anaweza kukifungua kitabu hicho na kumsikia bibi yake akizungumza kwa lafudhi ya Mvita.