Mkono Unaowamba Raketi

Mpira wa tenisi haugusi mpini, wala ile nembo tunayoilipia pesa nyingi dukani. Ukipigwa sawasawa hugusa nyuzi tu, tena kwa muda usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Ndiyo maana nikisikia raketi inasifiwa, mimi huuliza ni nani aliyeiwamba.

Fundi huibana fremu kwenye mashine, kisha huvuta nyuzi za wima akianzia katikati, kulia na kushoto kwa zamu, maana akimaliza upande mmoja kwanza fremu itapinda. Raketi nyingi za tenisi zina nyuzi 16 za wima na 19 za mlalo. Hizi za mlalo ndizo zinazomtambulisha fundi: juu, chini, juu, chini, na mstari unaofuata kinyume chake, kama awambaye kitanda cha kamba. Mwanagenzi huvuta kwa pupa. Uzi ukamsugua mwenzake mahali pamoja, ukaungua kabla haujapiga mpira hata mmoja. Aliyeiva huuvuta polepole, akiuhamisha huku na huku, na ncha za vidole vya mkono wa pili zikiunyoosha.

Raketi ya mpira wa vinyoya ni mtihani zaidi. Haifiki gramu 100, uzi wake una unene wa takriban milimita 0.7, na ukikazwa ovyo fremu hupasuka. Ya skwoshi iko kati ya hizo mbili.

Miaka ya 1970 mchezaji tenisi Björn Borg alitaka raketi zake za mbao zikazwe hadi karibu kilo 36, ilhali wengi leo hawavuki 27. Kwangu mimi huko ni kuzidisha, lakini aliyezikaza bila kuvunja mbao namvulia kofia.

Wapo waliojaribu kuukwepa ufumaji. Mwaka 1977, mjini Aix-en-Provence, Ufaransa, Ilie Năstase aliingia uwanjani na raketi yenye tabaka mbili za nyuzi za wima zisizofumwa na za mlalo. Mpira ukawa unazunguka ajabu, na mpinzani wake, Guillermo Vilas, akasusia mechi. Mwaka uliofuata kanuni ikatoka: nyuzi zinapopishana zifumwe au ziunganishwe.

Basi wewe mchezaji, uzi ukikatika usimwambie fundi aunge huo mmoja tu. Mwache aondoe zote, awambe upya, na umlipe bila kuvutana naye bei.