Namna ya Kulitambua Duka Bora la Spea: Tuanzie Naivasha

Gari linaloishi Naivasha halina siku nyepesi. Malori yanayopitia Mai Mahiu hufika mjini yakiwa yametoka kuteremka ukuta wa Bonde la Ufa, breki zikinuka moto. Pikapu za mashamba ya maua huzunguka ziwa kutwa kwenye vumbi, na matatu hazipumziki. Tena, tangu mwaka 2021, Safari Rally iliporejea katika mashindano ya dunia baada ya kukosekana tangu 2002, mji huu ndio makao yake. Kwa siku chache kila mwaka, njia za Kedong, Loldia, Soysambu na Hell's Gate hukipima bila huruma kila kipande cha chuma na cha mpira kilichofungwa kwenye gari.

Kwa mtu anayetaka kujua ubora wa duka la spea, mahali kama hapa panafundisha kuliko jiji kubwa. Kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, ukiuziwa kitu kibovu muuzaji huenda asikuone tena maishani. Katika mji mdogo mtakutana sokoni kesho. Mimi nalipima duka kwa jambo moja: je, linakijali kile kipande hata baada ya kulipiwa? Mengine yote, wingi wa bidhaa, rangi za maboksi, bei, nayaangalia baadaye.

Sikiliza maswali kabla ya bei

Ingia dukani uombe beringi ya gurudumu la mbele la gari la Probox. Muuzaji wa kawaida atageukia rafu na kukutajia bei. Muuzaji anayeijua kazi yake ataanza kuuliza. Namba ya chesisi ni ipi? Gari lina ABS au halina? Ni upande gani? "Fundi, ile ya zamani iko wapi, niione?" Anajua kwamba magari mawili yenye jina moja na umbo moja yanaweza kutofautiana ndani kwa milimita chache, na milimita hizo ndizo zitakazomrudisha mteja kesho akiwa amekasirika. Akiipokea ile kuukuu ataipima kwa venia, kisha atasoma maandishi yaliyochongwa pembeni.

Swali lenye thamani kuliko yote ni hili: iliyokufa iliuawa na nini? Beringi iliyoisha baada ya miezi michache ina kisa. Pengine sili ilipasuka vumbi likaingia, pengine habu imepinda, pengine fundi aliipigilia kwa nyundo badala ya kuishindilia kwa presi. Kuuza nyingine bila kuuliza ni kuuza kifo cha pili. Duka bora hukuonyesha alama kwenye ile kuukuu, na wakati mwingine hukwambia, "Hii niliyo nayo haikufai, nenda kwa jirani." Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwenye spea nimeona ni kweli.

Jina la kila daraja

Duka la kuaminika halichanganyi madaraja ya bidhaa. Kuna spea inayouzwa na mtengenezaji wa gari mwenyewe. Kuna inayotoka kwenye kiwanda kilekile kinachomtengenezea, ila imo kwenye boksi la kiwanda hicho na bei yake ni nafuu. Kuna ya kampuni nyingine inayotengeneza mbadala, nzuri au hafifu kutegemea kampuni. Kuna iliyotumika, ile ya eks-Japani. Na kuna feki, iliyovishwa jina lisilo lake.

Nne za kwanza ni biashara halali, na kila moja ina mahali pake. Giaboksi ya eks-Japani iliyokaguliwa vizuri yaweza kuhudumu miaka mingi, na mlango uliotumika hauna ubaya wowote. Lakini brekipedi, mkanda wa injini, mipira na tairi zilizotumika ni vitu vya kukataa hata ukipewa bure, kwa sababu umri wake umekwisha kuliwa na hauonekani kwa macho. Muulize muuzaji bidhaa iliyo mbele yako ni ya daraja gani. Akijibu waziwazi, hata kama jibu ni "hii ni ya bei ya chini, itakupeleka mwaka mmoja," umepata mtu wa kufanya naye kazi. Akisema kila kitu dukani ni jenuini, shika njia.

Iache mikono isome

Ujuzi wa spea umo vidoleni. Anza na beringi. Namba zilizochongwa ziwe na kingo safi na zilingane na zile za boksi. Izungushe polepole karibu na sikio; isikwaruze wala isikwame. Ukimwona mtu anaizungusha kwa upepo wa kompresa ili ivume, jua anaiharibu, kwani inakwenda mbio bila grisi.

Boliti husema ukweli kichwani. Alama 8.8, 10.9 na 12.9 ni vipimo. Kwenye 10.9, ile 10 inamaanisha chuma kinastahimili mvuto wa takriban newtoni 1,000 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika, na ile 9 inamaanisha hakianzi kurefuka bila kurudi mpaka kifike asilimia 90 ya kiwango hicho. Fungua droo za duka. Ukikuta boliti zimetengwa kwa daraja na kwa nyuzi, uko mahali pa watu makini. Ukikuta zote zimemwagwa kwenye debe moja, usinunue hapo boliti ya stelingi.

Filta ya hewa inastahili muda wako, hasa Naivasha. Vumbi la volkano la Kedong, ambalo madereva huliita feshi-feshi, ni laini kama unga, na gari likizama humo injini huvuta vumbi badala ya hewa. Ndiyo sababu magari ya mbio ya Safari hufungwa bomba la kuvutia hewa kutoka juu. Inua filta uimulike kwa tochi kutoka ndani. Mwanga upite sawasawa kila mahali, bila tundu hata moja. Mikunjo iwe na nafasi sawa, na mpira wa ukingoni uwe laini na usio na pengo.

Shokabzoba haipimwi ikiwa imelala. Isimamishe, ishindilie na kuiachia mara kadhaa ili mafuta yakae mahali pake, ndipo uisikilize mikononi. Ukinzani uwe mmoja kutoka juu hadi chini, pasiwepo mahali panapolegea ghafla. Fimbo yake ing'ae bila mkwaruzo, kwa maana mkwaruzo mmoja hukata sili na mafuta yakaanza kuvuja. Kipande hiki kina uzito kuliko wengi wanavyodhani: Safari ya 2021, dereva Thierry Neuville alikuwa akiongoza asubuhi ya siku ya mwisho, shokabzoba ya nyuma ikavunjika kule Loldia, na ushindi ukaenda kwa mpinzani wake Sébastien Ogier.

Mwisho, mafuta ya breki. Hunyonya unyevu wa hewa, na maji yakiingia joto la kuchemka hushuka. DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika ni 155. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu tofauti hiyo ni roho za watu, kwa kuwa mafuta yakichemka hufanya mvuke na pedali huzama mpaka sakafuni. Duka linalouza mafuta ya breki kwa kupimia kutoka kwenye mtungi uliofunguliwa juzi halifai, hata likiwa bora kwa mengine yote.

Tazama mafundi wanaoingia

Duka haliishi kwa wenye magari peke yao. Linalishwa na mafundi: wa injini, wa umeme wa gari, wa bodi, wakereza vyuma, wachomeleaji, hata mafundi wa pampu za mashambani wanaotafuta beringi na mikanda ileile. Simama pembeni uangalie wanavyopokewa. Pale penye afya, fundi hurudisha kipande kilichomfelia na kukieleza, muuzaji akaandika, na kipande hicho hakiagizwi tena. Kijana anayejiandaa kwa mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, huruhusiwa kushika, kuuliza na kulinganisha. Fundi anayeaminika hupewa spea leo alipe kazi ikiisha. Hapo duka limekuwa shule, na mji mzima unafaidika.

Lakini ipo desturi ya kuangaliwa kwa jicho kali. Baadhi ya maduka humpandishia mteja bei ili fundi arudi jioni kuchukua chake. Uliza bei ukiwa na fundi wako, kisha mtume mtu mwingine aulize peke yake. Bei zikitofautiana, mapatano yamefanyika mgongoni mwako. Fundi astahili kulipwa vizuri kwa ujuzi wake, tena waziwazi, wala si kwa kufichwa ndani ya bei ya brekipedi.

Msimu wa mbio

Timu kubwa za dunia huja na makontena ya spea zao. Dereva wa Kenya mwenye Subaru au Lancer ya miaka mingi hana hayo. Ana duka la mji. Joginder Singh, aliyekuwa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa, alishinda Safari ya 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika na timu ya kiwanda. Ushindi wa namna hiyo hujengwa na mtu anayejua kipi kibadilishwe na kipi kiachwe, pamoja na duka linalompa kilicho sahihi.

Kwa hiyo usidanganywe na stika ya duka kwenye mlango wa gari la mbio. Uliza mambo matatu. Je, lilifungua usiku ule gari lilipotoka njiani na mkono wa chini wa saspensheni umepinda? Je, linamruhusu dereva kuchukua boksi la akiba na kurudisha visivyofunguliwa? Na baada ya mbio, je, mwenye duka hushuka gereji kuvitazama vilivyovunjika? Hili la tatu ndilo kubwa. Anayechunguza shokabzoba iliyokufa Loldia siku ya mbio atamshauri vizuri dereva wa matatu mwezi unaofuata, na hapo ndipo mbio zinapomlipa hata mtu asiyezijali.

Ukitaka kuanza kesho, chukua kipande kilichoisha kwenye gari lako, ukisafishe, uende nacho dukani bila haraka. Usiulize bei. Kiweke kaunta uulize kwa nini kimekufa. Duka litakalokujibu hilo vizuri, na likakukatalia kuuza lisichokiamini, lipe biashara yako hata kama bei yake imezidi kidogo.