Tuisheni ya Iwama: Aikido Inavyopita Mkononi

Majira ya joto ya mwaka 1946, Japani ikiwa imeshindwa vita na mafunzo ya sanaa za mapigano yakiwa yamebanwa na majeshi yaliyoikalia nchi, kijana wa miaka 18 aitwaye Morihiro Saito alibisha hodi katika dojo (ukumbi wa mazoezi) ya Iwama, kijiji cha wakulima mkoani Ibaraki. Mwenye dojo alikuwa mzee wa miaka 62, Morihei Ueshiba, mwanzilishi wa aikido, ambaye mwaka 1942 aliihama Tokyo akaja huku kulima na kusali. Saito alifanya kazi katika shirika la reli la taifa. Zamu yake ilikuwa saa 24 kazini, saa 24 nyumbani.

Zamu hiyo ilizaa tuisheni ndefu kuliko nyingi zinazojulikana katika aikido. Vijana wengine waliokuja Iwama baada ya vita walivutwa mmoja mmoja na ndoa, mashamba na kutafuta riziki. Saito, kila alipotoka zamu, asubuhi yake ilikuwa tupu. Mara nyingi alijikuta yeye na mzee peke yao. Hali hiyo iliendelea hadi Ueshiba alipofariki tarehe 26 Aprili 1969, yaani takribani miaka 23. Hakuna mwanafunzi mwingine wa baada ya vita aliyepata asubuhi nyingi kiasi hicho, na ndiyo maana mtu anayetaka kujua somo la mtu kwa mtu katika aikido linafanyaje kazi hana mfano bora wa kuchunguza kuliko huu.

Siku ilianza kwa sala. Ueshiba alikuwa mcha Mungu aliyeathiriwa sana na dini ya Omoto, na Saito alisimulia jinsi walivyopiga magoti kwa muda mrefu kabla ya kugusa silaha. Kisha walitoka nje na panga za mti na fimbo. Mikono mitupu ilikuwa zaidi ya darasa la jioni, wanakijiji walipokusanyika. Asubuhi ilikuwa ya silaha. Hapo mwanzo mzee hakueleza chochote. Alisimama na upanga wake akamtaka kijana ampige. Baadaye akaagiza kitengenezwe kitu cha kupigia kwa mazoezi ya nguvu. Alipoletewa kilicho dhaifu alikasirika na kukiharibu. Saito akaenda kukata magogo mawili mazito, akayapigilia misumari na kuyafunga pamoja. Alisifiwa, lakini magogo yenyewe hayakudumu hata wiki. Lilipofika pambano la upanga kwa upanga, walianza na moja tu, ichi no tachi, wakalirudia kwa miaka kadhaa.

Ili kuona kilichokuwa kikitokea pale, inafaa kwanza kutazama darasa la kawaida la kundi. Mwalimu humwita mwanafunzi mmoja katikati ya mikeka, huonyesha mbinu mara chache, kulia na kushoto, kisha wanafunzi hugawanyika wawili wawili. Mmoja hushambulia na kuanguka, huyu huitwa uke; mwingine hufanya mbinu; halafu hubadilishana. Mwalimu hupita kati yao akirekebisha. Ukumbini wakiwa watu 20, kila mmoja huguswa na mwalimu kwa dakika chache mno, na wengine hurudi nyumbani bila kuguswa kabisa. Wanajifunza kwa macho, kisha wanasahihishana wao kwa wao.

Sasa macho hudanganya sana katika sanaa hii. Chukua ikkyo, mbinu ambayo karibu kila anayeanza hufundishwa mapema. Aliyeketi pembeni ya mkeka huona mwalimu akiukamata mkono wa mshambuliaji kwenye kiwiko na kifundo, na kuukandamiza chini hadi mtu alale kifudifudi. Basi akipewa nafasi yake, hukandamiza. Haendi popote, kwa sababu mwenzake amesimama imara na mkono una nguvu kuliko anavyodhani. Lakini aliyewahi kufanyiwa ikkyo na mwalimu hodari anajua jambo jingine kabisa: kiwiko chake kilipanda kwanza kuelekea sikio lake mwenyewe, bega likageuka, uzito ukahama miguuni, na alipokuwa tayari amepoteza mhimili ndipo mkono ulipoteremka. Sehemu ya kwanza haionekani vizuri kwa mbali. Huhisiwa.

Hapo ndipo penye thamani ya somo la mtu kwa mtu. Katika tuisheni, uke wa mwalimu ni mwanafunzi mwenyewe, kila mara, na zikifika nafasi zake za kufanya mbinu, anayeanguka ni mwalimu. Nusu ya somo anapokea mfano halisi mwilini. Nusu nyingine mwili wenye ujuzi unampima. Ni kama chuoni, mwalimu wa Kurani anapomwita mtoto mbele yake asome peke yake: kosa la herufi lililofichwa na sauti za wenzake wote hutokeza papo hapo.

Ueshiba mwenyewe alifinyangwa kwa njia hiyo hiyo, ingawa kwa bei nyingine. Mwaka 1912 aliongoza kundi la walowezi kutoka Tanabe, kusini mwa mkoa wa Wakayama, hadi Shirataki katika kisiwa baridi cha Hokkaido. Mwaka 1915, katika nyumba ya wageni mjini Engaru, alikutana na Sokaku Takeda, bwana wa Daito-ryu aliyezaliwa mwaka 1859, mtu mfupi wa kimo na mkali wa tabia. Takeda hakuwa na dojo. Alisafiri mji kwa mji akifundisha maafisa wa polisi, mahakimu na wenye uwezo kwa siku chache chache, na kila mwanafunzi aliandikwa katika daftari akaweka muhuri wake. Ada nazo ziliandikwa katika daftari jingine. Ueshiba alisahau shughuli iliyomleta Engaru akabaki kujifunza. Baadaye alimkaribisha Takeda kwake Shirataki, akawa anamhudumia nyumbani huku akifundishwa. Alipoondoka Hokkaido mwaka 1919 kwa sababu ya ugonjwa wa baba yake, nyumba alimwachia mwalimu. Mwaka 1922 Takeda alimfuata Ayabe, alikokuwa akiishi wakati huo, pamoja na familia yake, akakaa miezi kadhaa, na kabla ya kuondoka akampa cheti cha kyoju dairi, ruhusa ya kufundisha kwa niaba yake.

Mfumo wa Takeda uliuza mbinu moja moja. Una nguvu yake: mwanafunzi anayelipia kila kitu hutega masikio na mwili wote. Lakini humpa mtu hazina bila funguo. Mbinu zinakuja nyingi, mpangilio wa kuzijenga hauji, na anayezipokea hulazimika kuutafuta mwenyewe baadaye. Iwama ilikwenda kinyume. Saito alieleza kwamba Ueshiba, ambaye mahali pengine alionyesha na kupita, kule kijijini alifundisha hatua kwa hatua, akidai mshiko wa nguvu kweli kweli na mwili uliotulia kabla ya kuruhusu mwendo wa mtiririko. Mazoezi ya mikono mitupu yalifunguliwa na tai no henko, kugeuka mkono ukiwa umeshikwa barabara, yakafungwa na kokyuho ya kukaa, wawili wakiwa wamepiga magoti wakitazamana. Yalirudiwa siku zote. Tuisheni isiyo na kitu cha kurudiwa namna hiyo huwa ni maonyesho ya gharama kubwa.

Kwa fimbo na upanga mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu mzee hakuhesabu wala hakutaja majina ya hatua. Leo alicheza fimbo hivi, kesho vingine. Saito ndiye aliyekata mtiririko ule vipande. Alitoa mapigo 20 ya fimbo na 7 ya upanga ambayo mtu anaweza kuyafanya peke yake uwanjani, mfululizo wa hatua 31 na mwingine wa hatua 13, kisha mapambano ya kupanga ya watu wawili. Kuanzia mwaka 1973 alivichapisha katika vitabu vyenye picha nyingi. Kazi hiyo inastahili heshima kubwa kuliko inavyopewa. Mwanafunzi pekee wa asubuhi angeweza kubaki na siri mwilini mwake hadi kaburini. Saito alijiuliza jinsi mtu asiyekuwapo Iwama angeweza kuanza, akamjengea ngazi.

Mwanafunzi mwingine wa aina hiyo, mzee na mwenye cheo, alitumia kalamu. Admirali Isamu Takeshita, aliyezaliwa mwaka 1869, alianza kujifunza kwa Ueshiba katikati ya miaka ya 1920, umri ukiwa umepita miaka 55. Aliandika mbinu alizofanyiwa na kuzifanya, moja baada ya nyingine, na maandishi yake yamesalia kuwa ushahidi wa nadra wa aikido ilivyokuwa kabla haijapewa jina hilo. Mwili wa umri ule hausahau maumivu lakini husahau mpangilio. Daftari lake lilifanya kazi ambayo ujana ulimfanyia Saito.

Somo la mtu kwa mtu lina hatari pia, na hatari yenyewe imeandikwa katika historia ya sanaa hii. Gozo Shioda alisoma kwa Ueshiba kabla ya vita, akaanzisha shule ya Yoshinkan mwaka 1955 yenye mikao ya mstari na ukali. Kenji Tomiki, wa kipindi hicho hicho, alitoka na aikido yenye mashindano. Koichi Tohei, aliyekuwa mkuu wa wakufunzi makao makuu, aliondoka mwaka 1974 na njia yake ya ki, yaani nguvu ya uhai. Wote walishika mkono wa mtu mmoja, lakini katika umri wake tofauti na kwa miili yao tofauti. Anayejifunza kwa mwili mmoja hupokea tabia za mwili huo pamoja na mafundisho, na hana njia rahisi ya kutenganisha vitu hivyo viwili.

Saito alipata bahati ya kupimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Stanley Pranin, mwasisi wa jarida la Aiki News, alipata nakala ya Budo, kitabu cha mwaka 1938 chenye picha za Ueshiba mwenyewe akifanya mbinu. Saito alipokiona alifurahi mno. Mikao, pembe za miguu na mapigo ya kumtikisa mwenzake yalilingana na alichokuwa akifundisha. Kuanzia hapo alisafiri nacho, akakifungua mbele ya madarasa kuonyesha. Lakini asubuhi za Iwama zilikuwa na kipimo kingine cha kila siku, kisichotajwa sana: lile darasa la jioni. Alichokipata peke yake alikipeleka kwa wakulima wenye mikono migumu, warefu kwa wafupi, ambao hawakuwa na sababu ya kuanguka kwa adabu.

Kwa anayeanza leo, masomo ya kwanza yanafaa yaende kwenye kuanguka. Kuanguka nyuma na kubingiria mbele ndiko kunakomwezesha kupokea mbinu ya mwalimu bila hofu, na mwili wenye hofu hukakamaa na hauhisi kitu. Shihonage, kwa mfano, humrudisha mtu nyuma mkono ukiwa umekunjwa juu ya bega. Asiyejua kukunja kidevu anaweza kugonga kisogo. Kundi kubwa halimsubiri mwoga. Mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja wanaweza kuanzia chini kabisa, kwa kuchuchumaa, bila aibu ya kutazamwa. Muda nao uwe wa kiasi. Hakuna wa kumpokea zamu, na aliyechoka huanza kuanguka vibaya kabla hajagundua kwamba amechoka. Saa moja inamtosha kabisa, na kwa wengine nusu yake.

Aliyekwisha kukomaa ana haja nyingine. Amezoea wenzake, nao wamemzoea. Wanaanguka kabla mbinu haijakamilika na hakuna anayeona. Huyu aende na swali moja, si orodha. Mbinu yake ya kotegaeshi inakwama wapi? Mguu wa nyuma uko wapi upanga unapokutana na upanga? Silaha humfaa sana hapa. Fimbo ya aikido ina urefu wa takribani sentimeta 128, na umbali usio sahihi kati ya wawili unaoweza kusamehewa mkono ukishika mkono huonekana mara moja ncha inapokosa kufika au inapofika mapema. Baada ya somo aandike alichohisi, kisha wiki nzima akifanyie kazi na watu wa maumbo mbalimbali darasani.

Kuna walimu wa tuisheni wanaoanguka kwa wema, ili anayelipa aondoke na furaha. Wanamnyima kile alichokuja kukitafuta. Kwa hiyo anayetafuta mwalimu amwombe jambo dogo kabla ya kukubaliana ada: mwalimu amshike kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote, asimwachie mpaka atakapogeuka sawasawa katika tai no henko. Akishindwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mwalimu akaendelea kushika huku akimwonyesha kwa subira mahali nyonga inapotakiwa kuelekea, alipie na arudi wiki inayofuata.