Nani Ashike Bisibisi? Uhakiki wa Bangili ya Love

Darasani tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Ni mara chache tunageukia vitu vinavyovaliwa, ingawa navyo vina fani na maudhui. Katika makala haya ninahakiki bangili iitwayo Love, neno la Kiingereza lenye maana ya upendo, ambayo Aldo Cipullo aliibuni mjini New York mwaka 1969 kwa ajili ya kampuni ya Cartier. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa bangili zinazojulikana na kuigwa sana duniani. Pili, imejengwa juu ya sitiari ambayo sisi wasomaji wa Kiswahili tunayo tayari, yaani pingu za maisha.

Nianze na fani. Bangili tulizozizoea ni duara pana kidogo. Hupitishwa kiganjani, na hutoka kwa njia hiyo hiyo. Zikivaliwa nyingi, hulia kila mkono unaposogea. Love haiko hivyo. Ina umbo la yai, na imeundwa kwa vipande viwili vya dhahabu vinavyokutana kwenye kifundo cha mkono na kukazwa kwa skrubu mbili, moja kila upande. Kwa kuwa hukaa karibu na ngozi, haiwezi kuvuka kiganja. Anayetaka kuivua hana budi kulegeza skrubu kwa bisibisi ndogo inayouzwa pamoja nayo, na kazi hiyo ni ngumu kwa mkono mmoja. Hapo ndipo ulipo ubunifu wenyewe: bangili hii inamhitaji mtu wa pili.

Kuna jambo jingine la kifani lisilopaswa kutupita. Uso wa bangili umepambwa kwa alama za vichwa vya skrubu kuizunguka yote. Alama hizo ni nakshi tu, hazikazi chochote. Skrubu zinazofunga kweli ni zile mbili. Tulishike jambo hili, maana nitalirudia.

Cartier ilianzishwa Paris mwaka 1847 na Louis-François Cartier, na ikapata sifa kwa kuwauzia vito wafalme na matajiri. Cipullo, Mwitaliano aliyehamia New York mwaka 1959, hakuanza na almasi. Alianza na vitu vya duka la vifaa vya ujenzi. Baada ya skrubu, mwaka 1971 alibuni bangili nyingine kwa umbo la msumari uliopindwa kuzunguka mkono. Hiki ni kinaya cha makusudi: tajiri analipa pesa nyingi ili avae kitu ambacho fundi seremala angekiokota sakafuni. Bangili za awali zilichorwa jina la Cipullo, heshima ambayo wabunifu wa kampuni hiyo hawakuipata mara nyingi. Zilikuwa na mtunzi, kama kitabu kilivyo na mtunzi.

Sasa maudhui. Katika magazeti ya Kiswahili, watu wawili wakioana husemwa kwamba wamefunga pingu za maisha. Usemi huu umetumika mno hata hatusikii tena mlio wa chuma ndani yake. Umekuwa sitiari mfu. Cipullo, bila kukijua Kiswahili, aliiunda sitiari hiyo hiyo kwa dhahabu. Na kwa kuwa bangili yake inafunga kweli, inatulazimisha kuusikia upya usemi tunaoutamka kila siku bila kuufikiria. Naona huo ndio mvuto wake mkubwa kuliko dhahabu. Dhahabu sonara yeyote anaweza kuipima kwa gramu. Ahadi ya kufungwa na mwenzako haina mizani.

Atakayepinga atasema kwamba pingu ni pingu hata zikiwa za dhahabu. Huvaliwa na mfungwa, na ufunguo hukaa kwa askari. Hoja hii ina uzito, hasa katika eneo letu, ambako katika karne ya 19 watu walifungwa minyororo na kupelekwa pwani kuuzwa. Chuma mwilini mwa mtu si jambo la mzaha kwetu. Lakini naona jibu limo ndani ya kazi yenyewe. Bangili hii ilikusudiwa mwanamume na mwanamke pia. Husimuliwa kwamba mwanzoni haikuuzwa kwa mtu mmoja ajinunulie, bali kwa wapenzi wawili. Kila mmoja anamkazia mwenzake skrubu, na kila mmoja anamtegemea mwenzake afunguliwe. Wote wawili ni wafungwa, wote wawili ni askari. Ikivaliwa na mmoja tu, na bisibisi ikakaa mfukoni mwa mwingine, basi mpinzani wangu ameshinda: sitiari imeanguka, zimebaki pingu.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Cartier haikungoja bangili ijiuze. Iliwapa wapenzi mashuhuri, na katika wanaotajwa wamo Elizabeth Taylor na Richard Burton. Wawili hao walitalikiana mwaka 1974, wakaoana tena 1975, wakaachana tena 1976. Wapo wanaoona kwamba mfano huu unaikejeli bangili. Mimi naona unaieleza vizuri. Skrubu si kufuli lililotupiwa ufunguo baharini. Inakazwa, inalegea, inaweza kukazwa tena, lakini kila mara ni lazima mtu aamue kushika bisibisi.

Kasoro ninayoiona haiko katika ubunifu wa 1969, iko katika safari ya bangili tangu hapo. Siku hizi mtu hujinunulia mwenyewe. Limetoka pia toleo jembamba lenye bawaba na skrubu moja tu. Wapo wanaovaa mbili au tatu kwenye mkono mmoja. Mwenzangu mmoja tuliyejadiliana naye aliniambia kwamba huo ni uhuru: mwanamke aliyefanya kazi ananunua kito kwa pesa zake, hangoji kuvishwa na mtu. Simpingi, na ninaufurahia uhuru huo. Ila mhakiki hana budi kutenganisha manufaa ya mvaaji na maana ya kazi. Mtu wa pili akiondoka, bangili haisemi tena juu ya watu wawili. Inasema juu ya bei. Kinachobaki machoni pa wengi ni zile alama za juu, ambazo tangu mwanzo hazikukaza chochote.

Kwa hiyo hukumu yangu ina pande mbili. Kama kazi ya sanaa, Love ni miongoni mwa vito vichache ambavyo fani yake ndiyo maudhui yake: ukiiondoa skrubu, umeondoa na maana. Kama bidhaa, imeanza kuishi kwa nakshi yake. Anayekutana nayo mkononi mwa mtu hana haja ya kuuliza ni ya karati ngapi. Na aulize bisibisi iko kwa nani.