Mhubiri wa vidole vilivyochanjwa

Sinema The Night of the Hunter, aliyoitengeneza Charles Laughton huko Marekani mwaka 1955, yatuhusu sana sisi tunaofundisha dini. Harry Powell (Robert Mitchum) ajiita mhubiri. Vidole vya mkono wake wa kuume vimechanjwa neno Upendo, vya kushoto Chuki. Amwoa mjane Willa, kisha amwua, akitafuta dola 10,000 zilizofichwa ndani ya mtoto wa bandia wa Pearl. Karibu mji wote wamsadiki, kwani ajua Maandiko. Kijana John tu ndiye anayemkataa.

Je, yaitukana dini? Sisi twasema hapana. Watoto wamekimbia kwa mtumbwi katika mto Ohio, mama Rachel Cooper akawapokea. Usiku Powell akaa nje, aimba wimbo wa kanisa (kwa sauti nzuri mno, karibu nasi tumsadiki). Rachel, mwenye bunduki mkononi, aitikia wimbo uleule, lakini atia jina la Yezu, ambalo yule alilinyamaza.

Sehemu ya Noeli ina utamu kupita kiasi. Lakini kabla yake twawaona walewale waliomsifu Powell wakija kwa makelele, wataka kumwua.