Msomaji Anapojibu kwa Hadithi: Juu ya Kisa Fuatizi na Hukumu ya Wasomaji

Makala haya yanakusudia kuchunguza aina ya utungo ambayo aghalabu huachwa nje ya mizani ya uhakiki, yaani kisa kifupi ambacho msomaji hukitunga kwa kuwatumia wahusika wa mtunzi mwingine, kisha huwapa wasomaji wenzake wakisome na kukitolea maoni. Kwa kuwa hatuna jina lililokubalika na wote, hapa tutakiita kisa fuatizi. Wapo wanaokiona kuwa ni mchezo wa vijana, na wapo wanaokiita wizi. Sisi tunashikilia kwamba kisa fuatizi ni uhakiki ulioandikwa kwa njia ya hadithi, na kwamba manufaa yake hutegemea sana jinsi wasomaji wanavyokipokea.

Kwanza, yafaa ieleweke kwamba jambo lenyewe si geni kwetu. Katika takhmisi, mshairi huichukua mishororo miwili ya mtangulizi wake na kuitangulizia mitatu yake mwenyewe, hata ubeti ukawa na mishororo mitano. Maneno ya mtangulizi hayaguswi. Ni mgeni ndiye anayetakiwa kuoana nayo kwa vina na kwa maana. Takhmisi ya Liyongo, ambayo mapokeo huinasibisha na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, ndiye huyo wa Al-Inkishafi, ni mfano mashuhuri. Kadhalika, gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 huko Tanganyika, lilikuwa uwanja wa washairi kujibizana: shairi la mmoja lilimzindua mwingine, naye akajibu kwa shairi. Katika desturi hiyo, hukumu juu ya utungo ilitolewa kwa utungo.

Katika riwaya, tunaye Muhammed Said Abdulla. Bwana Msa, aliyejitokeza katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), pamoja na kiko chake na sahibu yake Najum, huwakumbusha wengi Sherlock Holmes na Watson wa Arthur Conan Doyle. Hata hivyo, Abdulla hakuishia katika kuiga. Aliuleta upelelezi katika mazingira ya Unguja, akaupambanisha na imani za mizimu, na akampa mpelelezi wake ulimi wa Kiswahili chenye mzaha na mafumbo. Hiki si kisa fuatizi kwa maana yetu kamili, maana wahusika wana majina na maisha mapya. Lakini kinatuonyesha jinsi usomaji wa mapenzi unavyoweza kuzaa utunzi.

Sasa tutoke pwani twende Kabazi, katika eneo la Subukia, Kaunti ya Nakuru. Katika sehemu hizi za Bonde la Ufa, mwanafunzi aghalabu huja shuleni na Kikuyu, Kikalenjin au lugha nyingine ya nyumbani, na Kiswahili sanifu hukipata zaidi vitabuni. Akifika kidato cha nne, mtihani wa kitaifa wa sekondari, ulioanza kufanywa mwaka 1989, huweza kumpa sentensi ya mwanzo au ya mwisho na kumtaka atunge kisa kinachoafikiana nayo. Kwa hiyo kuendeleza maneno ya mwingine amefundishwa. Asichopewa ni msomaji wa kuzungumza naye. Kisa chake husomwa na mtahini asiyemjua, kisha hurudi kwake katika sura ya alama tu.

Tuchukulie mfano wa kubuni. Mwanafunzi wa Kabazi amesoma Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Anavutiwa na Kongowea, kijana wa Tanga, mwana wa mwimbaji wa taarabu, anayefunga safari kuja Kenya kumtafuta babaye. Mwanafunzi huyu anatunga kurasa mbili ambamo Kongowea anashuka Nakuru, anapanda matatu hadi Kabazi, na kulala kwa mkulima wa mahindi. Anawapa wenzake watatu wausome utungo wake.

Wa kwanza anasahihisha upatanisho wa kisarufi na kunyamaza. Wa pili anauliza: kijana huyu msaka baba, ni haja gani iliyomwondoa katika njia yake? Wa tatu anasema kwamba Kongowea wa Walibora ni bingwa wa Kiswahili, ilhali huyu wa Kabazi anazungumza sawasawa na mwenyeji wake. Basi tofauti yao imekwenda wapi?

Msomaji wa kwanza ametoa msaada wa lazima, lakini hajaigusa hadithi. Wa pili amepima msuko. Wa tatu ndiye aliyemfikia mtunzi mahali penye uzito, kwa sababu ili kumjibu, mtunzi hana budi kuirudia riwaya na kuisikiliza upya sauti ya mhusika. Akiandika tena, huenda akaachia mkulima Kiswahili chake cha bara na mgeni Kiswahili chake cha Tanga, na kufanya kutoelewana kwao kuwa kiini cha kisa. Hapo ndipo Kiswahili cha Kabazi kinapoacha kuwa kosa la kusahihishwa na kuwa sauti ya mhusika.

Kutokana na hayo, tunapendekeza mizani ya maswali matatu. Je, kisa kinamtii mhusika kama alivyoumbwa, na kama kinamgeuza, kinatoa sababu? Je, kinatuonyesha jambo katika kitabu cha kwanza ambalo hatukuliona? Je, kimeleta kitu cha mahali pake mtunzi mpya? Sarufi isipuuzwe, lakini ifuate maswali haya, isiyatangulie.

Kuhusu shutuma ya wizi, hoja hiyo ina uzito wake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda kazi za watunzi, na Walibora, aliyefariki mwaka 2020, ameacha kazi zinazostahili heshima hiyo. Kisa fuatizi kimtaje mtunzi wa kwanza waziwazi, kisigeuzwe bidhaa, na kibaki katika duara la wasomaji kama zoezi la kusoma.

Twaonelea, basi, kwamba walimu wa fasihi wasingoje mitaala ibadilishwe. Kipindi kimoja kwa muhula, kurasa mbili kwa kila mwanafunzi na wasomaji watatu wa rika lake vyatosha kuanzia. Mwanafunzi aliyekwisha kuulizwa na mwenziwe kwa nini Kongowea anasema hivi na si vile, hatakisoma kitabu kinachofuata kwa kutafuta majibu ya mtihani peke yake.