Kicheko na Sikukuu ya Kutabaruku

Katika filamu ya vichekesho The Hebrew Hammer (2003), Jonathan Kesselman anatuonyesha Mordechai, mpelelezi Myahudi wa Marekani, akiipigania Hanukkah dhidi ya Damian, mwana wa Baba Krismasi, ambaye amemwua babaye naye ataka Krismasi ibaki peke yake. Mwenzi wa Mordechai ni kiongozi wa watetezi wa Kwanzaa.

Mizaha mingine ni michafu, wala hatuisifu. Hata hivyo filamu yatuuliza swali zito: Krismasi yetu huonekanaje machoni pa jirani asiyeiadhimisha?

Kesselman, Myahudi, anawacheka watu wa nyumbani mwake. Hiyo ni haki yake. Bali sisi Walutheri, tukikumbuka aliyoyaandika Luther juu ya Wayahudi mwaka 1543, hatuwezi kuirudia mizaha hiyo kana kwamba ni yetu.

Tena tusisahau kwamba Hanukkah ndiyo Sikukuu ya Kutabaruku, ambayo Bwana wetu alikuwapo hekaluni wakati wake (Yn. 10:22-23). Basi mhubiri aidharauye kwa jina la Kristo amesahau mahali Kristo alipokuwa.